Jinsi ya Kuotesha Mmea Usiotaka Msaada Wako

Wewe wa Kuluba, Koboko, unayetaka majani marefu ya katani yasimame mbele ya nyumba, achana kwanza na kitani cha New Zealand. Majani yake hufika mita 3 na Wamaori husuka vikapu kwayo, lakini kimezoea ubaridi na unyevu. Kiangazi cha Koboko, Desemba hadi Februari, kinaweza kukikausha. Panda sansevieria. Ni Mwafrika: ile yenye ukingo wa njano asili yake ni Nigeria hadi Kongo, na ndugu yake wa Umasaini, oldupai, ndiye aliyelipa jina Bonde la Olduvai.

Sasa kazi. Chukua kopo la kumwagilia umpe jirani mwenye nyanya. Sansevieria hufungua vitundu vya majani usiku ili jua lisiibe maji yake, na akiba huiweka humohumo majanini. Ukiinywesha kila jioni kwa mapenzi, utaiozesha mizizi. Wakati wa kiangazi subiri udongo ukauke kabisa ndipo uinyweshe. Masika waachie mawingu. Changanya mchanga kwenye udongo, na ukipanda kwenye debe, litoboe chini, tena matundu mengi.

Kuizidisha ndiko kunakotaka akili. Kata jani vipande, vichomeke mchangani bila kugeuza juu kuwa chini, vitaota. Ila watoto wa ile yenye ukingo wa njano watatoka kijani kitupu! Usimtafute mchawi. Ukingo ule ni wa tabaka fulani za seli, na chipukizi la kipande cha jani halizibebi zote. Ukitaka njano ibaki, fukua shina la chini ya udongo, likate kwa kisu kikali pamoja na mizizi yake na jani, acha jeraha likauke siku mbili, kisha panda.

Iweke mbali na watoto wadogo na mbwa, maana utomvu wake una saponini, na anayeitafuna huweza kutapika. Muuzaji akikuapia kwamba itasafisha hewa ya sebule, mwambie jaribio analolitegemea, la NASA la 1989, lilifanyika ndani ya kisanduku kilichofungwa. Sebule yako ina madirisha. Ipande kwa uzuri wake, unatosha.

Wala usitoe pesa. Kaombe kipande kwa jirani, naye mwingine akija kuomba chako, mkatie kikubwa.