Mlango wa Moshi Uko Wapi?

Nkt! Jana hapa stendi ya boda, Kitale, jamaa mmoja kashusha abiria wa Kiminini, akaanza kulalamika: ati mke wake kila jioni akisonga ugali, machozi. Vijana wakacheka, labda ndoa imemchosha. Mimi nikamuuliza kitu kimoja tu: jikoni kwako moshi hutokea wapi? "Si kwa mlango!" Mlango uleule anaoingilia mama, na kuku.

Huku kwetu, Trans Nzoia hadi Bungoma, mahindi yakishapukuchuliwa magunzi hayana mwenyewe. Gunzi kavu huwaka vizuri. Lililonyeshewa ni moshi mtupu, sawa na kuni mbichi. Halafu tunalitia motoni ndani ya kijumba cha mabati chenye kidirisha cha kupitisha paka, tena kimewekwa chini, ati tunaogopa wezi. Wezi wa nini, masizi? Moshi ukiwa wa moto hupanda. Ukigonga paa na kukosa njia, hupoa, hushuka, na hapo chini unamkuta nani? Aliyeinamia sufuria. Fundi angeacha nafasi juu, chini ya paa, pande mbili zinazotazamana, upepo ukapita. Nafasi hainunuliwi, wazee. Ni ukuta ambao hukujenga!

"Anunue gesi," akadakia mgeni mmoja wa Bungoma, shati limenyooka. Haya. Serikali ilirudisha VAT ya asilimia 16 kwenye gesi Julai 2021, mwaka uliofuata ikaishusha hadi 8, na 2023 ikaiondoa. Bado mtungi wa kilo sita kwa wengi ni wa chai ya asubuhi, maharagwe hayaugusi. Na hata kwa gesi, kaanga omena na pilipili kwenye chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi uone kama jirani hatapiga chafya. Punguza moto, funika sufuria, fungua dirisha. Mkono ulioshika pilipili usiupeleke machoni.

Mkaa? Uwashie nje mpaka uive mwekundu. Ila hapo msidanganyike: mkaa usiofuka hauwashi macho, lakini hewa yake ya kaboni monoksidi haionekani wala hainuki, na huua watu usingizini. Baridi ya Kitale mwezi wa Julai isikufanye ulale na jiko chumbani.

Na acheni kuchekelea macho mekundu ya akina nyanya. Kule Usukuma, Tanzania, vikongwe wameuawa kwa kuitwa wachawi, ushahidi ukiwa macho hayohayo, yaliyoiva kwa miaka ya kupikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Nkt!

Wewe unayengoja abiria hapo, leo ukifika nyumbani usiulize chakula kwanza. Ingia jikoni moto ukiwaka, vuta mlango, usimame dakika tano. Kisha tafuta panga, ukate hayo mabati juu.