Mbuzi na Somo Yake

Uani kwa familia moja ya Ngamiani, Tanga, mna mbuzi mbili. Mmoja yuko chini ya mpapai, beberu mweusi aliyefungwa kamba tangu wiki iliyopita. Nyingine iko mlangoni mwa jiko: kigoda cha mbao chenye ulimi wa chuma na meno, cha kukunia nazi, urithi wa bibi. Kwa kuwa jina lao ni moja, huitana somo.

"Somo, umesikia?" beberu alianza. "Mzee karudi kutoka hospitali. Presha iko juu, sukari inamnyemelea, daktari kamwambia apunguze nyama. Jana katangaza mbele ya watoto: nyumba hii sasa ni mboga tu!"

Mbuzi ya nazi ikakenua meno. "Mboga tu? Hapa siku zote huliwa mboga. Mtoto akiuliza leo mboga gani, si hujibiwa nyama? Kiswahili kimekuhesabu mboga kabla hujazaliwa."

Beberu akaacha kutafuna.

"Lakini hata wakubwa wa dunia wamesema," akajitetea. "Mwaka 2015 taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani iliweka soseji na nyama nyingine za kusindikwa kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Sisi nyama nyekundu tukawekwa kundi la washukiwa."

"Basi omba dhamana mapema."

Hesabu ya kuacha nyama Mama Asha, mkewe mzee, alishaipiga zamani, amesimama Soko la Mgandini na kikapu mkononi. Bei ya kilo moja ya nyama hutoa kilo tatu hivi za maharage, na kilo moja ya maharage makavu ikishaiva huzidi kilo mbili. Gramu 100 za maharage hayo makavu zina protini gramu 20 na ushei. Na kile kijenzi cha protini ambacho mahindi hupungukiwa, laisini, maharage yanacho tele; ndiyo maana sahani ya ugali na maharage inajitosheleza kuliko sura yake.

"Sasa tatizo nini?" beberu aliuliza.

"Heshima. Mzee alisoma bweni. Kwake maharage ni chakula cha shule na cha jela, hapewi mgeni."

Kwa hiyo wiki ya kwanza mzee aliongoza mageuzi kwa namna yake. Jumatatu, chipsi na soda. Jumanne, mandazi na chai iliyokolea sukari. Jumatano, wali wa nazi. Akihojiwa, alijibu kwamba vyote vimetoka shambani, na hapo hakusema uongo.

"Mimi mwenyewe nilishiriki," mbuzi ya nazi ilikiri. "Nazi tatu, sufuria moja! Na mafuta ya nazi mengi ni ya ile aina inayoganda, kama yako."

Wiki ya pili Mama Asha alichukua usukani. Maharage yakalowekwa usiku kucha, maji yake yakamwagwa, tumbo likapunguziwa gesi na jiko likapunguziwa mkaa. Magadi akayaweka kando, kwa sababu huharibu vitamini B1. Kisamvu kikatwangwa na kuchemshwa sawasawa ili sumu yake itoke. Ndimu ikakamuliwa juu ya mchicha, mwili upate kuyanyonya madini ya chuma, na chai ikaahirishwa saa nzima baada ya mlo kwa sababu huyazuia madini hayohayo. Mbaazi nazo zikapikwa kwa tui jepesi.

"Mbaazi!" beberu alicheka. "Mwaka 2017 India iliweka kikomo cha mbaazi inazoagiza, bei ikaporomoka, wakulima wa Lindi na Mtwara wakabaki na magunia. Mtu anakaa na protini ghalani, anakwenda kukopa nyama buchani!"

"Na Mombasa wanazila na mahamri kila asubuhi. Lakini usifurahi mno, somo. Vitamini B12 haimo kwenye mimea. Hawa wamebakiza mayai na maziwa. Wangeviacha navyo, ingewalazimu vidonge, au vyakula vilivyoongezewa."

Jumamosi simu ikalia: wakwe wanafika saa saba. Mzee akachomoa kisu, akaanza kukinoa kwenye jiwe, kwasha, kwasha, jicho likiwa mpapaini.

"Somo," beberu alinong'ona, "si alisema mboga tu?"

"Nami si nilikwambia wewe ni mboga?"

"Mama Asha!" mzee aliita. "Mbuzi tayari?"

Uani kukawa kimya. Hata kuku walisimama.

"Iko hapa, nimeshaiosha!" sauti ikatoka jikoni. "Na hicho kisu kilete, nikatie mchicha. Nimeuacha hapo nje, chini ya mpapai."

Beberu akashusha pumzi ndefu. Kisha akatazama fungu lililokuwa mbele ya pua yake, au tuseme vijiti vilivyosalia.