Mrija wa Mjomba

Mjomba wangu alikuwa na ruhusa zote za kutumia dawa ile. Alikuwa na hati ya daktari, alikuwa amesajiliwa kwa muuzaji mwenye leseni, na mzigo wake ulimfikia kwa posta, maana hapa Kanada bangi ya tiba hununuliwa kwa njia hiyo. Nchi iliiruhusu kwa wagonjwa tangu mwaka 2001, na tangu tarehe 17 Oktoba 2018 mtu mzima yeyote anaweza kuinunua dukani. Katika jimbo letu la Alberta, umri ni kuanzia miaka 18. Lakini Mjomba alizaliwa Tanga, akakulia katika nyumba ambayo neno lenyewe halikutamkwa mbele ya wazee. Karatasi za serikali hazikumwondolea haya. Kifaa chake cha kuvutia mvuke wa bangi alikilaza kwenye droo ya nguo, na mirija ya kioo akaivika soksi.

Alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Mgongo ukamshinda, akapasuliwa, na baada ya kupasuliwa yakabaki maumivu ya neva yanayoshuka mguu mzima hadi kwenye kidole gumba. Vidonge vilimtia usingizi wa mchana na kumnyima wa usiku. Mvuke wa majani yale ndio uliomwezesha kulala, na mimi niliyekuwa nikisikia hatua zake ukumbini saa nane za usiku nilishukuru sana zilipokoma.

Kifaa chenyewe ni kidogo, kinaenea kiganjani. Chini kuna betri, juu kuna chumba cha kupashia joto, na humo huchomekwa mrija wa kioo. Majani yaliyosagwa hujazwa kwenye ncha ya chini ya mrija, bila kushindiliwa, yakazuiwa na vitundu vidogo vilivyotobolewa kwenye kioo hicho hicho. Joto huwekwa nyuzi 180 hivi, au 200, chini ya kiwango cha majani kuungua. Mtu akivuta polepole, hewa ya moto hupita katikati ya majani na kubeba kile alichoagizwa na daktari. Kinachotoka ni mvuke, si moshi, na majani hubaki ya kahawia, si jivu. Urefu wa mrija una kazi yake: mvuke unapoa njiani kabla ya kufika kooni.

Unapopoa, lakini, sehemu yake hubaki ukutani mwa kioo. Mwanzoni ni utando wa rangi ya asali. Ukiupitishia brashi wakati kioo kingali vuguvugu, sehemu kubwa inatoka, kwa sababu bado ni laini. Ukiuacha, unakuwa kahawia, kisha mweusi, na vitundu vinaanza kuziba kimoja kimoja. Mjomba hakuwa na nafasi ya brashi. Kila usiku alimaliza haraka, akakung'uta majani kwenye karatasi, akarudisha mrija soksini ungali na joto, kabla watoto hawajaamka kwenda chooni. Mrija ulipoanza kuziba, akavuta kwa nguvu zaidi. Kuvuta kulipomshinda, akapandisha joto hadi mwisho. Mvuke ukawa mchungu, akaanza kukohoa, na daktari akamwuliza kwa upole kama amerudia sigara. Sisi tulisema ni baridi ya Edmonton. Nyumba nzima ilijua kilichomo kwenye droo ile, na hakuna aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza kuifungua.

Mama alifika Januari kutoka Tanga, nje nyuzi 25 chini ya sifuri. Ni dada yake mkubwa Mjomba. Sandukuni alileta viungo, kanga, na sufuria nzito ya alumini aliyoifunga kwa nguo zake, kwa sababu aliamini kwamba wali wa nazi haupikiki kwenye masufuria yetu ya huku. Mama hakai nyumba ya mtu bila kufua. Siku za mwanzo alimaliza mapazia, akaenda kwenye mashuka, akaingia kwenye nguo za kaka yake, na katika soksi moja ya sufi mkono wake ukagusa kitu kigumu.

Alidhani ni chombo cha kupimia dawa. Alikinusa, hakukipenda, akafanya anachofanya kwa kila chombo cha mgonjwa: akakichemsha. Akachukua sufuria yake mwenyewe, akajaza maji, akatumbukiza mrija, akawasha jiko.

Kioo hakikupata dhara lolote. Ni kile kioo kigumu chenye boroni ambacho Otto Schott alikivumbua Jena, Ujerumani, mwishoni mwa karne ya 19, kioo cha maabara, ambacho hakitanuki sana kikipashwa joto na kwa hiyo hakipasuki ovyo. Lakini ule weusi uliomo ndani ni ulimbo wenye mafuta, nao hauyeyuki majini. Maji ya moto huulainisha tu. Uliachia kioo, ukaelea juu, ukazunguka na povu, na maji yalipopungua ukajishika kwenye ukuta wa sufuria, pete nyeusi iliyozunguka ndani yote. Mama alipoona hivyo akaukoroga kwa mwiko. Mwiko nao ukashika.

Halafu harufu. Madirisha ya majira yale hayafunguliwi, na hewa ya moto ya jengo huzunguka vyumba vyote. Niliporudi kazini niliipata kwenye lifti. Nilipoufikia mlango wetu, jirani wa chini, mama wa makamo, alikuwa amesimama anabisha kuuliza kama kuna mtu mgonjwa ndani. Mama alifungua, akamtazama, akamkaribisha chai. Kiingereza chake ni cha salamu tu, ila jirani aliingia, akavua viatu, akakaa. Tulikuwa tumeishi juu ya yule mama miaka na hatukuwa tumewahi kumwita ndani.

Mjomba alirudi kutoka kwenye mazoezi ya mgongo. Alisimama mlangoni mwa jikoni, koti bado mwilini.

"Dada, hicho ni changu."

"Najua ni chako, kilikuwa kwenye soksi yako. Ni cha nini?"

Akamweleza. Alieleza kwa kirefu, hati, daktari, posta, mguu unaowaka usiku, na alipofika kwenye jina la dawa akainama. Mimi nilijiandaa kuingia kati. Nilikuwa nimeipanga hotuba yangu siku nyingi: sheria inasemaje, madaktari wanasemaje, na kwamba mtu hachagui maumivu yake.

Mama akainua mrija kwa kitambaa, akautazama kwenye taa. "Na dawa inapita humu?"

"Inapita humo."

"Kwenye uchafu huu? Unaumwa, wewe kaka yangu, halafu dawa yako unainywea kwenye kikombe kisichooshwa?"

Ugomvi nilioutarajia haukuja. Hakumwuliza kuhusu bangi usiku ule, na hata baadaye alipouliza, aliuliza kama anavyouliza dawa ya presha: kiasi gani, saa ngapi, na kama imechanganywa na vidonge vingine. Kilichomuuma ni kwamba mdogo wake alikuwa akijitibu gizani kwa chombo kichafu, na kwamba sisi tuliomzunguka tulimwachia giza hilo. Nadhani alikuwa sahihi kabisa.

Kwanza aliokoa sufuria. Nilikuwa nimeshachukua steliwuli, akanizuia. Tanga mtu hapasui fenesi bila kupaka mafuta kwenye kisu na mikononi, kwa sababu utomvu wake ukishagusa ngozi, maji na sabuni havifui dafu. Mama aliitazama ile pete nyeusi na kuona utomvu wa fenesi. Akataka mafuta ya nazi. Kopo letu lilikuwa limeganda kwa baridi, akayayeyusha kwa viganja, akapaka ukuta wa sufuria wote, akaacha tukala kwanza. Baada ya chakula akafuta kwa karatasi, na weusi ukaondoka na karatasi. Kisha ndipo maji ya moto na sabuni. Sufuria ikarudi kung'aa. Mwiko tuliutupa, kwa maana mti ulikuwa umeshakunywa.

Alitaka kuyatia mafuta yale yale kwenye mrija, na hapo Mjomba akawa mwalimu kwa mara ya kwanza. Mafuta yakibaki kwenye kioo yatapashwa moto na kuvutwa mapafuni, jambo ambalo si la kufanyia mchezo. Kioo kinataka spiriti. Kesho yake nilipita duka la dawa nikanunua isopropili ya asilimia 99. Ile ya asilimia 70 nayo inafanya kazi, ila inachelewa, maana iliyobaki ni maji. Mvuke wa spiriti hiyo hushika moto hata katika joto la kawaida la chumba, kwa hiyo jiko lilizimwa, ubani wa Mama ukazimwa, na dirisha likafunguliwa pamoja na baridi yake yote. Mama alijifunga kanga juu ya koti.

Tulitumia chupa ya jamu yenye kifuniko. Mrija ndani, spiriti ya kuufunika, na konzi ya chumvi ya mawe. Chumvi haiyeyuki kwenye spiriti kama inavyoyeyuka majini. Punje zake hubaki nzima na kusugua mahali ambapo brashi haifiki, hasa pale kwenye vitundu. Mjomba alitikisa, akapumzisha mkono, akatikisa tena. Spiriti ikageuka rangi. Akaiacha nusu saa, akamwaga kwenye kopo lenye kifuniko badala ya sinki, akatia mpya. Safari ya pili kioo kilitoka cheupe. Akasuuza kwa maji ya moto, akasuuza tena, akausimamisha mrija juu ya kitambaa hadi ukauke kabisa, usibaki hata unyevu wa spiriti. Chumba cha kupashia joto alikifuta kikiwa kimepoa na kimezimwa, kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa kidogo tu, kwa sababu chini yake kuna betri ya lithiamu na kifaa hakitumbukizwi popote.

Mrija wa pili ulikuwa umenasa ndani ya kifaa. Ulimbo ulipopoa uliugandisha pale kama gundi, na Mjomba, kwa shauku ya kusafisha kila kitu siku hiyo hiyo, akaushika na kuuzungusha. Ulikatika sawasawa na shingo. Dawa ya hali hiyo ni kuwasha kifaa kidogo, ulimbo ulainike, kisha kuuzungusha taratibu kwa kitambaa; alilijua hilo, mkono ukatangulia. Hakuumia. Kipande kilichobaki kilitolewa vivyo hivyo, kwa joto na koleo dogo, na Mama akashikilia tochi.

Mirija mipya ililetwa kwenye kifurushi wiki iliyofuata, na binti yetu mdogo akakifungua kabla ya wote. Nilimkuta bafuni anapulizia mapovu ya sabuni kwa mrija mpya, na mapovu yalitoka makubwa kweli. Ulikuwa haujawahi kuguswa na chochote. Moyo wangu haukulijua hilo katika dakika zile za kwanza. Jioni hiyo mume wangu alinunua sanduku la chuma lenye kufuli ya namba, akalipigilia kwenye rafu ya juu ya kabati la jikoni, na majani, kifaa na mirija vyote vikahamia humo. Droo ya nguo ikabaki na nguo. Tukawakalisha watoto na kuwaambia wazi kwamba ni dawa ya Mjomba, kwamba haiguswi na mtu mwingine, na kwa nini. Mkubwa akasema alikuwa anajua siku zote.

Tangu hapo mrija hupigwa brashi kila usiku ukiwa na joto, na Jumamosi huingia kwenye chupa ya jamu. Joto la kifaa lilirudi nyuzi 185. Kikohozi kiliondoka. Mjomba huketi mezani kwa muda wote anaouhitaji, na jirani wa chini anajua harufu ile inatoka wapi.

Kilichobaki kuamuliwa kilikuwa safari. Mama alitaka arudi naye Tanga kwa harusi ya mpwa wao, na Mjomba alikuwa hajaiona Tanga tangu kabla ya kupasuliwa. Dawa yake haivuki mpaka. Hati ya daktari wa Kanada haihalalishi kuisafirisha nje ya nchi, na Tanzania ina Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, ambayo haitambui hati hiyo. Hata ulimbo kidogo kwenye kitundu cha kioo ni bangi. Mama alisema tuoshe mrija vizuri aubebe yeye mwenyewe. Mjomba alikataa katakata, na mimi nilimuunga mkono. Alikwenda kwa daktari, wakapanga vidonge vya neva kwa kipindi cha safari, wakavianza mapema ili mwili uzoee, wakapunguza mvuke hatua kwa hatua. Wiki mbili za mwanzo zilikuwa ngumu, hatua zikasikika tena ukumbini, na Mama akawa anaamka kumchemshia tangawizi. Waliondoka pamoja mwishoni mwa Machi. Sufuria Mama aliniachia.