Barua ya Wazi kwa Wanunuzi wa Pikapu za Ofisi: Tunaomba Ngazi

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati za Manunuzi ya Magari,
Popote mlipo, ingawa najua mmekaa mbele.

YAH: MAOMBI YA NGAZI YA KUPANDIA NYUMA YA PIKAPU

Tafadhalini husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote nawapongeza kwa pikapu mpya. Tumeziona zikiingia getini, viti vikiwa bado na nailoni ya kiwandani. Mbele zina ngao inayoweza kumwondoa nyati barabarani. Ubavuni zina mkonga wa kuvutia hewa hata maji yakifika kwenye kioo, ingawa mto pekee ambao gari hizi huvuka kila siku ni mtaro ulioziba nje ya ofisi. Chini ya milango kuna vikanyagio vya alumini vinavyong'aa, ili mkuu asilazimike kuinua goti kupita hadhi ya cheo chake. Nikazunguka nyuma kutafuta kikanyagio chetu. Nikakuta kibandiko kilichoandikwa 4x4.

Waheshimiwa, naomba tuzungumze kwa vipimo, maana najua nyie ni watu wa vipimo. Sakafu ya bodi ya pikapu nyingi za aina hiyo iko kati ya sentimita 80 na 90 kutoka ardhini, na kingo za pembeni hufika kifuani mwa mtu wa kimo cha kawaida. Ngazi za nyumba hujengwa kwa sentimita 15 hadi 18 kila moja. Maana yake mtumishi wenu anatakiwa kupanda ngazi tano kwa hatua moja, faili likiwa kwapani. Anayeingia kwenye kabini, ambako sakafu iko chini zaidi na kuna mpini wa kushikia, ndiye aliyewekewa kikanyagio. Huu ni ugawaji wa rasilimali unaostahili kusomewa chuoni.

Jibu lenu nalijua, na nadhani limeshagongwa muhuri: bodi ni ya mizigo, si ya watu. Ni jibu zuri, tena lina sheria nyuma yake. Tatizo ni kwamba mfuko wa saruji wa kilo 50 haujawahi kujipandisha wenyewe. Pipa la dizeli halijifungi kamba, na turubai halijitandazi mvua inapoanza. Kila mzigo una mtu aliyepanda kuupokea, kuupanga na kuukaza, kisha akashuka. Hata siku ya msiba, pikapu ya ofisi inapoazimwa kubeba jeneza, lazima mtu mmoja awe juu kulipokea. Nimeshuhudia waombolezaji wamesimama na jeneza mabegani, wakimsubiri mpokeaji aliyekuwa bado ananing'inia kwenye ukingo wa bodi akitafuta pa kuweka mguu.

Sasa twendeni kwenye asubuhi ya chanjo, kazi ambayo mnaipenda sana kwenye taarifa za robo mwaka. Ndani ya kabini kuna mkuu wa msafara, begi la mkuu wa msafara na mwenzake mkuu wa msafara. Mama Nesi, ambaye amebakiza miaka michache astaafu, ameambiwa apande nyuma akayashike maboksi yasiyumbe. Amevaa sketi ya sare na khanga juu yake. Anatupa mguu wa kushoto juu ya tairi, kwenye upenyo ulio kati ya mpira na madigadi, mahali penye tope la safari ya jana. Mkono mmoja unashika ukingo wa bodi ambao jua la saa nne limeshaupasha moto. Anauachia, anaushika tena kwa ncha ya khanga. Mkono wa pili una boksi. Inabaki kuurusha mguu wa kulia juu ya ukingo ulio sawa na kifua chake, mbele ya foleni ya wagonjwa, kwa sketi. Dereva, kijana aliyelelewa vizuri, anageuka kutazama ukuta. Kutoka mbele inasikika sauti: "Mama, tunachelewa!"

Wataalamu wa usalama kazini wana kanuni moja nyepesi kwa anayepanda au kushuka gari refu. Wakati wote sehemu tatu za mwili ziwe zimegusa gari: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja. Na mtu ashuke akilitazama gari, vilevile kama alivyopanda, wala asiruke. Mama Nesi ana mkono mmoja tu ulio huru, hivyo kanuni inamdai miguu miwili. Aikanyagishe wapi? Atakaporudi jioni ataruka, kwa kuwa hana njia nyingine, na magoti yake yatapokea kishindo kinachozidi uzito wake mara kadhaa. Baadaye mtamwona kwenye foleni ya vipimo vya magoti, bima ya ofisi ikilipa bili ambayo ingenunua ngazi na chenji ikabaki.

Mtaniambia nifungue mlango wa nyuma nipandie huko. Tumejaribu, waheshimiwa. Mlango ukishalala unatokeza nje na kuifunika bampa, kwa hiyo hata kama bampa ingekuwa na pa kukanyaga, huifikii. Kuna pikapu ambazo hazina bampa ya nyuma kabisa. Kinachobaki kimetokeza ni kile kirungu cha kuvutia tela, na kazi yake kubwa katika ofisi isiyo na tela ni kugonga ugoko wa karani.

Tafadhali msije mkasema jambo hili linahitaji utafiti. Mafundi wa hapa kwetu walilimaliza zamani. Nairobi ya miaka ya 1970 na 1980 ilijaa pikapu za Peugeot 404 zilizogeuzwa matatu: zikachongewa bodi, mlango ukawekwa nyuma na kikanyagio chini yake. Dar es Salaam ya miaka ya 1980 ilikuwa na chai maharage, pikapu zenye mabenchi ya kutazamana, ambazo mama wa sokoni alizipandia nyuma akiwa na tenga lake. Unguja nako daladala za bodi ya mbao zilibeba watu kwa kupandia nyuma, wazee na wanafunzi. Mafundi wale hawakuwa na kamati wala posho ya kikao. Walikuwa na abiria, na abiria asiyeweza kupanda hakulipa nauli. Nyie mnalipwa hata tusipopanda, labda ndiyo maana hamna haraka.

Kama mnaamini zaidi mambo ya ng'ambo, nayo yapo. Marekani, ambako pikapu hubeba mbao na majani ya ng'ombe, kampuni ya Ford ilitoa ngazi inayochomolewa ndani ya mlango wa nyuma pamoja na mpini wa kushikia, mwishoni mwa muongo wa 2000. Tangazo la Chevrolet likamcheka mwanamume aliyekuwa akiitumia, kana kwamba goti zima ni kipimo cha uanaume. Haikuchukua muda, Silverado ya mwaka 2014 ikatoka na nafasi za kukanyaga kwenye pembe mbili za bampa, pale ambapo mlango uliofunguliwa haufiki. Mwaka 2019 pikapu za GMC, za kampuni mama ileile, zikaja na mlango wa nyuma unaojikunja kuwa ngazi. Waliocheka waliishia kutengeneza. Nyie mna nafasi ya kuruka hatua ya kucheka.

Endapo bado mnaona ngazi ni anasa, basi tuhalalishe hali iliyopo ili tusidanganyane. Matangazo ya kazi yaandikwe wazi: mwombaji awe na stashahada, uzoefu wa miaka mitatu na uwezo wa kuruka sentimita 85 akiwa amebeba boksi. Watumishi wanaokaribia kustaafu wapelekwe semina elekezi ya siku tano, hotelini, kuhusu upandaji wa tairi. Iundwe posho ya goti. Kreti ya soda ambayo dereva huibeba kwa siri kutusaidia iingizwe kwenye daftari la mali za umma, ipewe namba, na ikaguliwe kila Juni.

Ikiwa mmechoka na kejeli zangu, nakuja kwenye maombi yenyewe. Tunaomba kikanyagio cha ngazi mbili kwenye pembe ya nyuma ya gari, ya kwanza isizidi kimo cha goti. Kiwe cha bomba la chuma na bati lenye vipele, ili kiatu chenye tope kisiteleze. Kifungwe kwenye chesisi, si kwenye mlango wa nyuma, kwa kuwa mlango ule unashikiliwa na bawaba na nyaya mbili tu. Kiweze kukunjwa ili kisigonge mawe barabara ikiharibika, na kisizibe taa wala kibao cha namba. Juu yake uwekwe mpini wa kushika, kwani ngazi bila mpini ni nusu ya kazi. Fundi yeyote wa kuchomelea mwenye mashine na miwani anaweza kuifanya kazi hiyo, kwa vyuma vinavyouzwa kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi. Kwa pikapu zijazo, andikeni tu mstari mmoja kwenye orodha ya mahitaji, chini kidogo ya mstari wa viti vya ngozi.

Na kabla hamjasaini ununuzi unaofuata, nawaomba jambo moja. Gari la mfano likiletwa kukaguliwa, mjumbe mmoja, mwenyekiti akipenda, avae sketi ya sare, abebe boksi la chanjo kwa mkono mmoja, apande nyuma na kushuka mara moja tu mbele ya wenzake. Akiweza bila kushikwa mkono na bila kuruka, barua hii naifuta na kuomba radhi. Akishindwa, msiitishe kikao kingine: mwiteni fundi.

Wenu mtiifu,
Mtumishi wa nyuma