Boxer Wawili na Punda Mmoja

Jumapili, saa kumi na moja na dakika kumi jioni, pikipiki BMW R 1250 GS aliingia kwenye kituo cha mafuta kando ya Section 58, Nakuru, akanguruma mara ya mwisho na kunyamaza. Bwana wake alishuka kwa awamu: mguu kwanza, kiuno baadaye, shingo mwisho. Alinunua petroli ya shilingi mia mbili ambayo hakuihitaji, akapokea risiti kwa mikono miwili kama mtu anayepokea sakramenti, akaandika nyuma yake kilomita zilizosomwa kwenye mita, akaitia mfukoni. Kisha akajinyoosha kwenye benchi la fundi wa pancha na kulala bila kuvua helmeti.

Wenyeji wawili walikuwa pale tayari. Mmoja ni Bajaj Boxer mwekundu, kiti kimeshonwa upya mara mbili, akimsubiri mwendeshaji wake aliyekwenda kula chapati madondo. Wa pili ni Punda wa maji, bado kwenye mkokoteni wake wenye mitungi mitupu, amefika umri ambao siku hizi katika ukoo wake ni bahati.

"Hamjambo," alisema GS, kwa sauti ya mtu anayetaka kuulizwa anatoka wapi.

"Hatujambo," alijibu Punda, na hakuuliza.

Boxer, kwa kuwa kijana, aliuliza. "Mkubwa, umechafuka hivyo. Umetoka mbali?"

"Kilomita elfu moja mia sita na hamsini hivi. Jana saa kumi na mbili jioni tulikuwa papa hapa. Tumeteremka Mombasa usiku, tukapanda tena, tukapita Nakuru, tukafika Kisumu, tukarudi. Saa ishirini na tatu na dakika kumi."

"Mlipeleka nini?"

"Hatukupeleka kitu."

"Mlimchukua nani?"

"Hatukumchukua mtu."

"Basi Mombasa mlikuwa mmesahau nini?"

GS alieleza, na kanuni zenyewe hazikuhitaji maneno mengi. Kuna chama kilichoanzia Marekani mwaka 1984, Iron Butt Association. Mlango wa kuingilia ni safari inayoitwa SaddleSore 1000: maili 1,000, yaani kilomita 1,609, ndani ya saa 24. Hakuna mashindano wala fedha. Ukigawa kilomita kwa saa unapata 67, mwendo ambao dereva wa matatu ya Nakuru kwenda Nairobi huutumia akimwona polisi mbele. Kinachoua ni kwamba saa haisimami unapojaza mafuta, unapokojoa, unaponaswa nyuma ya foleni ya malori Mariakani saa nane za usiku, au unapongoja ng'ombe wamalize kuvuka. Na kila hatua ithibitishwe: risiti ya kuanzia, risiti ya kila kituo cha mafuta yenye tarehe, saa na mahali, kilomita za mita, risiti ya kumalizia. Asiye na risiti hakusafiri.

"Chama cha nini, umesema?" Punda aliinua sikio moja.

"Cha makalio ya chuma, mzee."

"Makalio ya nani?"

"Ya mwendeshaji."

"Aa. Nilidhani ni yako wewe uliyembeba."

Neno hilo lilimchoma GS kidogo. Ana kilo 249 kabla hajapakiwa kitu, na ukoo wake si wa kudharauliwa. Injini yake ya silinda mbili zilizolala, moja kushoto na moja kulia, inaitwa boxer, na BMW imekuwa ikiitengeneza tangu pikipiki yake ya kwanza, R 32 ya mwaka 1923. Alilisema hilo kwa fahari.

"Boxer?" Yule mwekundu alitaka kuruka kutoka kwenye stendi yake. "Kumbe sisi ni ndugu!"

"Kwa jina tu," alisema GS haraka. "Hata Kenya hii si mara ya kwanza kwetu. Mwaka 2007 kaka zangu walipita Moyale na Marsabit wakiwabeba Ewan McGregor na Charley Boorman kutoka Scotland hadi Cape Town, enzi ile barabara ya kaskazini ilikuwa mawe matupu. Televisheni ilionyesha."

"Na magari yaliyowafuata yalikuwa ya nani?"

"Ya vifaa."

"Mimi vifaa nabeba mwenyewe," alisema Boxer. "Kitanda cha futi tano kwa sita, juzi, na mwenye kitanda juu yake."

Ni kweli kwamba ukoo wa Boxer haujaonyeshwa sana kwenye televisheni, ila kwenye taarifa za ajali. Ulijaa nchini baada ya serikali kuondoa VAT kwenye pikipiki ndogo, zile za chini ya cc 250, mwishoni mwa miaka ya 2000. Leo ukisimama mahali popote Nakuru ukapiga mluzi, watakuja watatu wakigombania. Sheria ya trafiki inamruhusu kila mmoja kubeba abiria mmoja, mwenye helmeti na jaketi la kung'aa. Sheria hiyo Boxer anaijua kwa moyo, hasa asubuhi anapopeleka watoto wanne shule.

"Siku yangu haina Mombasa," alieleza. "Saa kumi na moja alfajiri namtoa mama mboga hapa hadi soko la Wakulima, namrudisha na magunia. Watoto shule. Mgonjwa hospitali. Fundi kazini, saruji juu ya tangi. Jioni walevi, usiku walevi wale wale wakiwa wazito zaidi. Saa tano ndiyo nalala, na cheni haijatiwa oili. Sijawahi kupita Gilgil."

"Kilomita ngapi kwa siku?" GS aliuliza, kwa huruma ya mtaalamu.

"Nitajuaje? Mita yangu ilikufa zamani."

"Risiti?"

Boxer alicheka hadi mafuta yakamwagika kidogo.

Hapo GS akawa mkarimu, ukarimu ambao wakubwa huwa nao wakishapumzika. Chama hakibagui, alisema. Kina pia mbio kubwa kila baada ya miaka miwili, siku 11, maili karibu 11,000, ambazo ni zaidi ya kilomita 17,000. Ndani yake wamewahi kuingia watu na skuta na pikipiki kuukuu zisizoeleweka zilifikaje mstari wa kuanzia. Hao wana daraja lao.

"Linaitwaje?"

"La wasio na matumaini."

"Niandikishe," alisema Boxer. "Mwendo wa themanini ninao, kama upepo hauji mbele."

"Utaupata wapi upepo nyuma Sachangwan?" Punda alimkata, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na mzaha. Yeye anaikumbuka barabara hiyo kwa tarehe. Tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, watu wakakimbilia kuchota, moto ukaua zaidi ya mia moja. Tarehe 31 Desemba 2017, hapo hapo karibu, Migaa, basi na lori viligongana usiku na kuua zaidi ya thelathini. Tarehe 30 Juni 2023, njia panda ya Londiani, lori lilitoka barabarani likawapitia wachuuzi na abiria waliosubiri magari. Walikufa zaidi ya hamsini.

"Londiani walikuwemo wenzangu wa steji," alisema Boxer. "Hawakuwa hata wanaendesha. Walikuwa wamesimama."

GS alisema walipunguza mwendo pale. Tena chama chenyewe hakitaki kasi. Anayekwenda kasi ya kipumbavu hukataliwa. Alisema hivyo mara mbili.

"Na usingizi?" Punda aliuliza. "Bwana wako aliamka lini?"

"Jana asubuhi. Saa kumi na mbili."

"Sasa saa zake ni thelathini na tano."

Bwana alikoroma ndani ya helmeti, sauti ikatoka imezibwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hadi 19 hufanya makosa sawa na yule mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu, na wengine huzidi hapo. Saa hizo za 17 bwana huyu alizimaliza jana, kabla hata hajafika Bahari ya Hindi. Polisi wa alkoblo walimsimamisha Salama, wakamwambia apulize, akapuliza, mashine ikasoma sifuri. Wakamtakia safari njema. Kifaa cha kupuliza usingizi hakijaletwa.

"Lakini mzee, huoni ni jambo la kishujaa?" GS alianza kuchoka. "Bahari hadi ziwa, mita sifuri hadi zaidi ya elfu mbili na mia tano kule Mau Summit, joto la Voi na mvua ya Kericho, siku moja! Nchi hii inapenda mambo hayo. Safari Rally je?"

"Hiyo naiheshimu," Punda alikubali. Baba zake walimsimulia: ilianza 1953, ikakatisha Kenya, Uganda na Tanganyika, mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza saba, na 1968 yakamaliza saba tena. Joginder Singh alishinda 1965, 1974 na 1976, mara ya kwanza na Volvo ambayo tayari ilikuwa imetumika. "Lakini wale walisimamiwa njiani. Kulikuwa na watu wa muda kwenye kila kituo. Wewe shahidi wako ni mhudumu wa pampu aliyesinzia Mtito Andei."

"Na karatasi yake."

"Na karatasi yake, ndiyo. Huwa ni karatasi. Yule Kipchoge alikimbia kilomita 42 pale Vienna, Oktoba 2019, kwa saa moja, dakika 59 na sekunde 40. Dunia nzima iliona. Wenye karatasi wakasema alikuwa na wasindikizaji wa kupokezana, basi si rekodi rasmi. Na heroe wa Ziwa Nakuru hapa, wanavuka usiku mzima hadi Natron kutaga. Nani amewapa cheti?"

"Wewe mwenyewe, mzee, uvumilivu wako uko wapi?" GS alisema. "Unatembea Section 58 hadi Free Area na kurudi."

Punda alitafuna kwanza. Mwaka 2016, alisema, kilifunguliwa Naivasha kichinjio cha punda, mwendo wa saa moja na kitu kutoka hapa. Kingine kilikuwa Baringo. Kwa jumla Kenya ilipata vinne vyenye leseni, ngozi zikipelekwa China kuchemshwa dawa iitwayo ejiao. Wezi walikuja usiku. Wenye mikokoteni waliamka wakakuta ngozi imeondoka na nyama imebaki. Serikali ilipiga marufuku mwaka 2020, mahakama ikaitengua marufuku hiyo mwaka uliofuata, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kuzuia biashara hiyo ya ngozi barani kote kwa miaka 15.

"Mimi shindano langu ni kuamka ngozi ikiwa bado juu yangu," alisema. "Nalimaliza kila asubuhi, na sina mahali pa kutuma risiti."

Boxer alitikisa kioo chake cha upande mmoja, kile kilichobaki. "Nionyeshe basi, mkubwa. Hizo za safari nzima ziko wapi?"

"Zimelowa Kericho, mvua ya alasiri. Bwana amezitandaza hapo upande wako, juu ya kichwa cha silinda, zikauke. Ameziwekea glavu zisipeperuke."

Boxer alizitazama. Alizitazama tena. Alimtazama Punda, naye Punda akatazama pampu ya dizeli.

"Mzee, uliziona?"

"Niliziona zilipoanza kuwa kahawia."

"Mbona hukusema?"

"Alikuwa anasimulia ukoo wake."

Karatasi za risiti za siku hizi hazina wino. Zimepakwa dawa inayogeuka nyeusi ikipata joto, na ndivyo mashine ya kituo cha mafuta inavyoandika: inachoma herufi. Kichwa cha silinda kilichotoka Kisumu kwa mwendo wa barabara kuu nacho kinajua kuandika, ila kinaandika ukurasa wote. Nakuru ya kuanzia, Nairobi, Mtito Andei, Mombasa, Voi, Nairobi tena, Kisumu: zote zilikuwa nyeusi tii, bila tarehe, bila saa, bila mahali. Nyuma, zile kilomita zilizoandikwa kwa kalamu zilisomeka vizuri kabisa, kwa mwandiko wa bwana mwenyewe. Iliyopona ni moja, ya mfukoni, iliyothibitisha kwamba Jumapili saa kumi na moja na dakika kumi jioni mtu fulani alikuwa Section 58 na alinunua petroli ya shilingi mia mbili.

"Silinda yangu," alisema GS. "Yangu mwenyewe."

"Ile ya tangu 1923," alisema Punda.

Mwendeshaji wa Boxer alirudi akijipangusa midomo, pamoja na mama mmoja mwenye kuku kwenye kikapu aliyekuwa anaelekea Milimani. Kelele za kuku zilimwamsha bwana. Alikaa, akavua helmeti, akainua glavu. Alizipitia karatasi moja moja, akazigeuza, akazigeuza tena. Hakusema neno. Alijaribu kusimama apande pikipiki yake, lakini mguu ulikataa kuvuka kiti.

"Boss, hutafika na hiyo," alisema mwendeshaji. "Iache, mlinzi yupo. Milimani ni mia na hamsini."

"Mia."

"Na huyu kuku anakulalia begani? Sawa, mia. Panda nyuma ya mama."

Wakajipanga mshikaki: mwendeshaji, mama, kikapu, bwana. Boxer aliunguruma mara ya tatu ndipo akashika moto.

"Utanipa risiti?" bwana aliuliza, kwa mazoea.

"Risiti ya nini, boss? Kwani ni ofisi imekutuma?"