Mama Chura Hajaenda Saudia

Anayetaka kufundisha Kichina mjini Kisii aanze kwa kukagua paa. Lugha hii ina toni nne, na neno ukilipandisha mahali pa kulishusha limekuwa jingine kabisa. Sasa ipeleke katika chumba cha mabati juu ya duka la mbolea, karibu na soko la Daraja Mbili, kwenye mji unaopata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na mvua yenyewe hupenda alasiri, saa ile ile wanafunzi wanapofunga biashara na kuja darasani. Ikishika, toni zote nne huwa moja. Mimi napaza sauti, nao wanapaza sauti, mpaka fundi viatu wa pale chini akaniuliza, kwa heshima zake zote, ni pepo wa nani huyo tunayemkemea kila wiki asitoke.

Kile kisa cha mwanafunzi aliyetaka kumwamkua mama mkwe akamwita farasi nakiruka. Kila mwalimu wa Kichina duniani anacho, na sidhani kama kilimtokea yeyote.

Kichina mimi nilikipatia Nairobi, ambako Taasisi ya Confucius ya chuo kikuu ilifunguliwa mwaka 2005, ya kwanza barani Afrika. Nyumbani Nyamira walinionea huruma, maana mtoto wa mtu alipelekwa chuo akarudi bila uwakili wala udaktari. Hali iligeuka Januari 2019, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ilipotangaza kwamba Kimandarini kingefundishwa kuanzia Gredi ya 4 mwaka uliofuata. Ghafla nikawa mtu. Wazazi walinisimamisha stendi ya matatu, na mmoja akaniletea mkungu mzima wa ndizi ili mwanawe awe wa kwanza kwenye orodha ambayo sikuwa nayo. Ukaingia 2020, Machi shule zikafungwa kwa ajili ya korona, na mkungu wa pili sikuuona.

Waliobaki ni watu wenye haja zao: wafanyabiashara wanaofuata mizigo Guangzhou na Yiwu, kijana anayewinda ufadhili wa masomo, na mchongaji mmoja wa mawe ya sabuni kutoka Tabaka anayesema amechoka kuuza kwa vidole. Masikio wanayo. Ekegusii nayo ni lugha ya toni, hivyo Mkisii hashangai kuambiwa kwamba sauti ikipanda maana inahama. Kinachowachosha ni kitabu cha kiada. Humo kila mtu ni mwanafunzi wa Beijing, kila mtu yuko njiani kwenda maktaba, na hakuna hata mmoja anayeuliza bei ya jumla.

Ndipo nikaagiza hadithi ya watoto. Inahusu viluwiluwi wanaomtafuta mama yao, na kule China hakuna asiyeijua: studio ya filamu ya Shanghai iliifanya katuni ya wino na maji mwaka 1960, na watoto wa darasa la pili huisoma shuleni. Maneno yake ni mepesi na sentensi zinajirudia, jambo linalomfurahisha mwalimu. Nikaipeleka kwanza nyumbani, upande wa Kebirigo, nimjaribie binti yangu wa miaka saba. Nilikuwa nasoma Kichina mstari mmoja, kisha nafafanua kwa Kiswahili.

Viluwiluwi wanaona samaki akiwalisha wanawe, wanamuuliza mama yao yuko wapi. Anawaambia ana miguu minne na mdomo mpana. Wanamkuta kobe, miguu ni hiyo minne, wanamkimbilia wakimwita mama. Kobe anacheka: mimi si mama yenu. Hapo binti yangu akanyamaza. Kisha akauliza, polepole, kama mtu anayejua jibu: "Tata, mama yao ameenda Saudia?"

Rafiki anayekaa naye dawati moja mama yake yuko Riyadh, kazi ya nyumbani, na huonekana kwenye simu siku za Jumapili. Nikafungua kinywa nieleze kwamba chura hutaga mayai na kuondoka, basi, ndiyo maumbile yao. Stima zikapotea.

Kupotea kwa stima Nyamira si habari. Habari ni kwamba zilipotea viluwiluwi wakiwa katikati ya bwawa, bila mama, na simu yangu ilikuwa imekufa tangu Keroka. Kilio kilichotoka gizani humo kilimleta mama yangu kutoka jikoni akiwa na mwiko mkononi.

"Umempiga?"

"Sijampiga, Mama. Ni chura."

"Chura amempiga?"

Nikaahidi kuimalizia hadithi kwa mdomo, kwamba mama anapatikana. Binti akakataa katakata. "Soma, usiseme." Kwake maneno ya mdomo ni yale ambayo watu wazima huwaambia watoto ili walale. Ikabidi koroboi itafutwe, mafuta ya taa yaombwe kwa jirani, na jirani naye akafuatana na mafuta yake aje kuona chura anayepiga watoto. Tukasoma ukurasa wa mwisho tukiwa watu wanne kwenye mwanga wa koroboi: mama yuko juu ya jani, koti la kijani, tumbo jeupe, macho mawili makubwa. Anawaambia viluwiluwi kwamba wao sasa ni wanawe waliokua. Hapo sauti ikanikwama, nikasingizia moshi. Mama yangu hakudanganyika, ila naye alikuwa anapangusa macho kwa kanga, na moshi ulikuwa wake.

Baadaye nilijifariji kwa habari za E. B. White, Mmarekani aliyeandika *Charlotte's Web* mwaka 1952. Inasimuliwa kwamba aliporekodi kitabu hicho kwa sauti yake mwaka 1970, ilimbidi arudie mara 17 pale buibui anapokufa. Na hadithi aliitunga mwenyewe! Mimi yangu nilikuwa natafsiri tu, tena kwa koroboi.

Darasani Kisii hakuna aliyelia. Mama mmoja anayeleta viatu kutoka Guangzhou alisikiliza hadi mwisho akatoa hukumu: yule samaki ni dalali. "Anakupa habari nusu, miguu minne, miguu minne, ukifika unakuta si yeye, unarudi umlipe tena." Akaomba nimfundishe namna ya kumwambia mtu kwa Kichina aeleze yote kwa mara moja. Lilikuwa somo bora la mwaka ule. Mchongaji wa Tabaka naye alirudi kipindi kilichofuata na mama chura wa jiwe, amempaka kijani, akanitajia bei ya watalii. Nilinunua. Binti yangu hulala naye.

Basi mzazi mwenzangu, usihadaiwe na kitabu chenye picha za rangi na maneno makubwa makubwa. Kabla hujamfungulia mtoto ukurasa wa kwanza, jifungie chumbani usome ule wa mwisho, uhakikishe mama amepatikana. Na chaji simu.