Barua ya Wazi kwa Watengenezaji wa Programu Nzito

Kwa Wakuu wa Makampuni ya Programu za Kompyuta,
Popote wingu lenu lilipo.

YAH: OMBI LA KUPUNGUZIWA MAENDELEO

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza tunawapongeza kwa ukarimu. Mwaka 1995, Windows 95 iliwaka kwenye kompyuta yenye RAM ya megabaiti 4. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai gigabaiti 4, yaani mara elfu moja na ushee, na hicho ni kiwango cha chini. Sisi tumechukua barua ya kuomba kazi ya enzi zile na ya leo, tukazilaza mezani pamoja. Zote ni ukurasa mmoja. Zote mwombaji anadai ana uwezo wa kufanya kazi bila kusimamiwa. Hatukuona mara elfu moja imeingia wapi.

Ingieni stesheneri yoyote ya mtaani asubuhi. Dada amekaa mbele ya kompyuta ya mezani iliyotumika Ulaya kabla ya kuja kwetu. Mteja anataka abadilishiwe namba ya simu kwenye CV, kisha atolewe kopi mbili. Usaili ni saa nne. Programu inafunguka kwa madaha. Inaonyesha jina lake. Inamtaka dada aingie kwa akaunti. Inamwarifu kwamba faili litahifadhiwa kwenye wingu, na bando limekata tangu jana. Halafu anajitokeza msaidizi wa akili mnemba, tayari kuiandika CV nzima upya kwa lugha ya kuvutia. Dada anamfunga. Anarudi. Dada anamfunga tena. Namba ya simu ina tarakimu kumi, na mpaka hapo haijaguswa hata moja.

Tusiwasingizie. Uzito mwingine una faida yake: kompyuta inamsomea asiyeona, inaandika Kiarabu na Kichina bila kulalamika, inajikinga na virusi vya kila namna. Huo tunaubeba kwa moyo mweupe. Tunaouliza ni ule mwingine, wa matangazo ya habari kwenye menyu na programu ambazo hakuna aliyeziomba na hazikubali kuondoka.

Na pale palipokuwa na kitu chepesi, mlikiona. WordPad ilikuja pamoja na Windows 95, ndogo, ya bure, inaandika barua na kukoza maneno. Ilikaa karibu miaka thelathini bila kumsumbua mtu. Mwaka 2024 ikaondolewa kwenye toleo jipya la Windows 11, na ushauri ukatolewa kwamba mwenye kuhitaji barua yenye madoido atumie Word. Word, kama mjuavyo, ina bei. Hongereni kwa kuziba mwanya huo.

Mlionywa mapema, tena na mjuzi. Mwaka uleule wa 1995, Niklaus Wirth, Mswisi aliyebuni lugha ya Pascal, aliandika makala ya kuomba programu nyepesi, akisema programu zinazidi kuwa nzito kwa kasi kubwa kuliko kompyuta zinavyozidi kuwa na nguvu. Alifariki Januari 2024, bado anasubiri.

Oktoba 14, 2025, msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma. Mashine nyingi zilizokuwa zikiitumia haziwezi kuhamia Windows 11, kwa kuwa prosesa zao hazimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa au hazina chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kibodi nzima, skrini nzima, feni inazunguka. Zimestaafishwa kwa lazima, bila kiinua mgongo, na tunashauriwa tununue nyingine.

Msituambie haiwezekani. Mwaka 2015 Facebook ilitoa Facebook Lite kwa ajili ya simu duni na mtandao wa kusuasua, na faili lake halikufika megabaiti moja. Barry Kauler wa Australia alianzisha Puppy Linux, mfumo mwepesi wa kuendesha kompyuta, mwaka 2003. Unaiwasha kutoka kwenye flashi, inakaa yote ndani ya RAM, na kompyuta mliyoizika inafufuka. Tunapendekeza mtu huyu achukuliwe hatua kali kabla mafundi wa mitaani hawajamwiga.

Ombi letu ni dogo. Wakati wa kuseti kompyuta, wekeni chaguo moja: kuandika, kuhesabu, kuchapa, basi. Marekebisho ya usalama yaendelee kwa mashine nzee. Msaidizi aje akiitwa. Na WordPad irudishwe, hata kwa mkopo.

Tunaomba jibu liwe la maandishi matupu, lisizidi ukurasa mmoja, na lisihitaji akaunti kulifungua.

Wenu katika kusubiri,
Mtumiaji wa Kawaida